Biafra: Vita vya Bunduki na Vita vya Chungu

Makadirio ya watu waliokufa katika vita vya Nigeria na Biafra, eneo la mashariki lililojitenga, kuanzia Julai 1967 hadi Januari 1970, yanapishana mno. Wapo wanaosema nusu milioni, wapo wanaosema milioni moja, na wapo wanaofika milioni tatu. Kupishana huko kwenyewe ni ushahidi. Jeshi lina daftari. Kila askari ana namba yake, na akifa mshahara wake husimamishwa. Mtoto aliyekufa ndani ya darasa lililogeuzwa kambi ya wakimbizi nje ya Owerri hakuandikwa popote. Lakini wanaohesabu kwa kima cha chini na wanaohesabu kwa kima cha juu wanakutana mahali pamoja: sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa raia, na kilichowaua zaidi ni njaa pamoja na maradhi yanayoiandama njaa.

Kumbukumbu za makamanda zipo nyingi. Olusegun Obasanjo wa upande wa shirikisho na Alexander Madiebo wa upande wa Biafra walitoa vitabu vyao mwaka uleule, 1980, na ndani yake mna ramani, vikosi, na miji iliyotekwa na kukombolewa. Hivyo ndivyo vita vya bunduki vinavyosimuliwa, na vinasimulika kwa urahisi kwa sababu vina mstari wa mbele na vina tarehe. Juu ya ardhi ileile, kwa miezi ileile, vilipiganwa vita vingine ambavyo naviita vya chungu: jioni hii kitapikwa nini, chumvi itatoka wapi, nani abaki na wagonjwa na nani avuke mto kutafuta chakula. Aliyepigana vita hivyo alikuwa raia, na mara nyingi alikuwa mwanamke. Vita vya bunduki viliisha kwa sahihi. Vya chungu havikuwa na mtu wa kuvitia sahihi, na ndiyo sababu mpaka leo Nigeria haijavimaliza.

Raia aliingia vitani kabla ya askari. Januari 15, 1966 kundi la maofisa vijana, wengi wao Waigbo, walimuua waziri mkuu Abubakar Tafawa Balewa na kiongozi wa Kaskazini Ahmadu Bello, pamoja na wengine. Julai 29 maofisa wa Kaskazini wakalipiza. Jenerali Aguiyi-Ironsi, aliyekuwa ameshika nchi tangu Januari, akauawa Ibadan, na Yakubu Gowon, kijana wa miaka 31, akashika nchi. Hayo yalikuwa mauaji ya wakubwa kwa wakubwa. Kisasi hakikuishia huko. Tayari mwezi Mei, kisha kwa ukali zaidi Septemba na Oktoba 1966, watu wa Mashariki waliokuwa wakiishi Kano, Kaduna, Jos na miji mingine ya Kaskazini waliwindwa nyumbani, sokoni na kwenye vituo vya reli. Walikuwa makarani, mafundi, walimu, wenye maduka. Maelfu waliuawa, na zaidi ya milioni moja wakakimbilia Mashariki kwa treni, kwa malori na kwa miguu.

Walifikia kwa nani? Kwa ndugu. Serikali ya Mashariki haikuwa na kambi za kuwatosha, kwa hiyo kila ukoo ulipata wageni wasio na siku ya kuondoka. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na wanane, na shamba la viazi vikuu likabaki lilelile. Emeka Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, alipotangaza Jamhuri ya Biafra Mei 30, 1967, baada ya makubaliano yake na Gowon pale Aburi, nchini Ghana, kuvunjika na Gowon kuigawa nchi katika majimbo 12, aliwatangazia watu ambao vita vilikuwa vimeshawaingilia sebuleni tangu mwaka uliotangulia. Bila kulielewa hilo, mtu atashangaa kwa nini raia wengi kiasi kile waliunga mkono jambo lililokuwa na nafasi ndogo ya kushinda. Walikuwa wamesikia kwa masikio yao, kutoka kwa shangazi na binamu waliokaa nao, yaliyotokea Kaskazini.

Serikali ya Lagos iliita hatua yake operesheni ya polisi, kana kwamba ingekuwa kazi ya wiki chache. Jeshi lote la Nigeria kabla ya vita lilikuwa na watu kama 10,000. Vilipomalizika lilikuwa limefika kama 250,000. Maana yake ni kwamba askari wengi waliopigana vita vile, pande zote mbili, walikuwa raia wa juzi waliovishwa sare. Upande wa Biafra wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nsukka walifanya gwaride wakiwa na fimbo kwa kukosa bunduki. Mshairi Christopher Okigbo, ambaye angeweza kupewa kazi salama ofisini, alipewa cheo cha meja akaenda mstari wa mbele, na akauawa karibu na Nsukka mwaka 1967. Upande wa shirikisho waliandikishwa vijana kutoka mitaa ya miji na mashamba ya ukanda wa kati, wakafunzwa wiki chache, wakapakiwa kwenye malori kuelekea kusini.

Hawa vijana wawili, wa Biafra na wa shirikisho, waliishi vita tofauti kabisa. Mbiafra alipigania kijijini kwake au karibu na hapo. Njaa ikimzidi angeweza kutoroka usiku na kufika nyumbani kabla ya mapambazuko, na wengi walifanya hivyo. Silaha ilikuwa haba. Zipo shuhuda za askari waliopewa risasi za kuhesabu kwa vidole kisha wakaambiwa walinde barabara. Wahandisi wa Biafra walibuni mabomu yao wenyewe, ogbunigwe, na wakasafisha mafuta ya petroli msituni kwa mapipa na mabomba. Machi 31, 1968, pale Abagana, msafara wa malori ya shirikisho kama mia hivi uliteketezwa katika shambulio moja la kuvizia. Lakini kuanzia 1968 kujitolea kulikuwa kumekwisha. Vikosi vilikamata vijana sokoni na njiani, na akina mama wakawaficha wana wao darini na msituni. Ilipofika 1969 baadhi ya waliokamatwa walikuwa bado watoto wa shule.

Kijana wa shirikisho alikuwa na silaha: magari ya deraya ya Uingereza, mizinga, na juu yake ndege za Kisovieti ambazo nyingi ziliendeshwa na marubani wa Misri. Alilipwa mshahara. Lakini alikuwa mbali na kwao, katika nchi ya misitu minene na lugha asiyoijua, akiogopa bomu lililofukiwa chini ya kila njia. Si kweli kwamba alikuwa Mwislamu wa Kaskazini aliyekuja kupigana na Wakristo, kama propaganda ya nje ilivyopenda kusema. Gowon mwenyewe alikuwa Mkristo kutoka kabila dogo la Plateau, na askari wengi wa miguu walitoka katika makabila ya ukanda wa kati yenye Wakristo wengi. Alichokuwa nacho kijana huyu ni hofu na bunduki mbele ya raia asioweza kuwatofautisha na adui. Gowon alitoa kanuni za mwenendo kwa askari wake Julai 1967: msiue raia, msiguse watoto na wajawazito, msipore. Kanuni hizo zilichapishwa na kugawiwa. Kilichotokea Asaba miezi mitatu baadaye kinaonyesha umbali uliokuwapo kati ya kijitabu kilichomo mfukoni na kidole kilichoko kwenye mtambo wa risasi.

Asaba ni mji ulio ukingo wa magharibi wa mto Niger, nje ya Biafra. Wakazi wake ni Waigbo, lakini walikuwa raia wa jimbo la Magharibi ya Kati. Wabiafra walikuwa wamelivamia jimbo hilo Agosti 1967, wakafika hadi Ore, kisha wakarudishwa nyuma na kulipua sehemu ya daraja la Niger walipovuka kurudi. Divisheni ya Pili ya jeshi la shirikisho, chini ya Murtala Muhammed, ikaingia Asaba mwanzoni mwa Oktoba, ikaanza kuua wanaume nyumba kwa nyumba kwa tuhuma za kuwasaidia waasi. Oktoba 7 wazee wa mji waliwaita watu watoke kwa mamia, wamevaa akwa ocha, nguo nyeupe za sherehe, wakicheza ngoma na kuimba kuiunga mkono Nigeria moja. Askari waliwatenga wanawake na watoto wadogo. Wanaume na wavulana wakapelekwa kwenye uwanja wa Ogbe-Osowa na kumiminiwa risasi za bunduki za rashasha. Watafiti waliofanya kazi kwa miaka na wazee wa mji wanakadiria kwamba mamia waliuawa katika siku zile. Wenyeji wengine wanataja zaidi ya elfu moja. Miongoni mwao alikuwamo Sydney Asiodu, mwanariadha aliyeiwakilisha Nigeria katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ambaye kaka yake alikuwa katibu mkuu wa wizara katika serikali hiyohiyo ya Lagos.

Nimelikalia tukio hili kwa sababu linavunja dhana kwamba raia alikufa vitani kwa bahati mbaya, kwa kuwa karibu na mapigano. Watu wa Asaba walifanya kila ambalo raia anaambiwa afanye: walibaki majumbani, walitangaza utii, walitoka mchana wakiwa na ngoma na bila silaha. Baada ya hapo wanawake ndio waliozika. Mji ukabaki na kaya zisizo na baba wala kaka mkubwa, na habari zake hazikufika katika magazeti ya dunia kwa sababu wapiga picha walikuwa bado hawajaja.

Walikuja katikati ya mwaka 1968, na walichokuja kupiga picha ni njaa. Mazingira yake yanahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu njaa ile haikuletwa na ukame. Mashariki ilikuwa na muhogo, viazi vikuu na mawese. Kilichokuwa kikitoka nje ni protini: ng'ombe waliletwa kutoka Kaskazini, samaki walitoka pwani na kwenye delta, na okporoko, samaki mkavu anayependwa sana na Waigbo, aliingizwa kutoka Norway. Lagos ilifunga njia zote hizo tangu kujitenga kulipotangazwa. Calabar ikatekwa Oktoba 1967, na Port Harcourt Mei 1968. Kuanzia hapo Biafra haikuwa na bahari. Kila mji ulioanguka uliwasukuma watu ndani zaidi, mpaka mamilioni wakabanana katika kipande cha ardhi kati ya Owerri, Orlu na Umuahia, wakila kutoka mashamba ambayo hawakuyalima.

Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa muhogo mtupu alivimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi ya kutu, akaacha kucheza, akaacha kulia. Ni unyafuzi, ule ambao wengi wetu tunauita kwashakoo. Watu walikula mijusi, panya, majani ya muhogo, na mbegu zilizowekwa kwa ajili ya msimu ujao. Chumvi ilikuwa adimu kiasi kwamba kikombe kimoja kilitosha kununulia vitu ambavyo zamani vingeuzwa kwa fedha nyingi. Shule zilifungwa na kugeuzwa hospitali na kambi. Masoko yalihamia chini ya miti au yakafanyika jioni, kwa sababu ndege zilipiga masoko, na watu waliacha kuvaa nguo nyeupe mchana, wakafunika mapaa na magari kwa makuti.

Je, njaa hiyo ilikusudiwa? Baadhi ya wakubwa wa serikali ya shirikisho walisema hadharani kwamba kumnyima adui chakula ni silaha halali ya vita. Kwa hiyo hakuna haja ya kubuni nia, ilitamkwa. Waangalizi wa kimataifa walioalikwa na Lagos mwaka 1968 waliripoti kwamba hawakuona ushahidi wa mauaji ya kimbari katika maeneo ya jeshi la shirikisho, na ni kweli kwamba katika miji iliyotekwa baadaye askari wengi waliwagawia watu chakula. Lakini waangalizi hao walikuja mwaka mmoja baada ya Asaba, na kazi yao ilikuwa kutazama mwenendo wa askari. Kizuizi cha chakula hakifanywi na askari mmoja mmoja. Kinafanywa na watu waliokaa mezani, tena kwa utulivu, na ndiyo maana nakiona kizito zaidi.

Hata hivyo sitamwondolea lawama Ojukwu. Lagos ilipendekeza njia ya nchi kavu ya kupitishia misaada chini ya ukaguzi wake. Biafra ikakataa, ikidai chakula kingetiwa sumu na kwamba njia hiyo ingetumiwa na jeshi kuingilia. Yalipotajwa mapendekezo ya ndege za misaada kutua mchana, mabishano yakawa yaleyale. Biafra ilitaka ndege ziendelee kutua usiku kwenye uwanja wa Uli, barabara kuu iliyopanuliwa ambapo taa ziliwashwa dakika chache tu rubani alipokaribia, kwa sababu ndege za silaha zilitua usiku uleule na zilijificha nyuma ya zile za samaki na maziwa. Picha za watoto zilikuwa pia hazina ya kidiplomasia. Kampuni ya uenezi iliyokodiwa Geneva ilizisambaza. Watawala wa pande mbili waliligeuza tumbo la mtoto kuwa uwanja wa mapambano, mmoja kwa kulifunga na mwingine kwa kulionyesha, na hakuna hata mmoja wao aliyekubali kupoteza nafasi yake ya kivita ili lori lipite.

Waliojaribu kupita katikati walikuwa makanisa na Msalaba Mwekundu. Makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yakishirikiana kwa namna ambayo ilikuwa bado ngeni wakati ule, yaliruka kutoka kisiwa cha São Tomé safari zaidi ya 5,000. Marubani na wahudumu kadhaa walikufa pale Uli. Juni 5, 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa na jeshi la anga la Nigeria, na shirika hilo likasimamisha safari zake. Madaktari wa Kifaransa waliofanya kazi ndani ya Biafra, waliokasirishwa na desturi ya Msalaba Mwekundu ya kunyamaza, walikuwa miongoni mwa waliokuja kuunda Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 1971.

Msaada wa angani ulifika katika kambi. Nje ya kambi familia ziliishi kwa kile wenyeji walichokiita afia attack, biashara ya kuvuka mstari wa mbele. Wanawake waliondoka kwa makundi usiku, wakapita vinamasi na vivuko vya mito, wakaingia upande wa shirikisho kununua chumvi, sigara, dawa na nguo, wakarudi kuuza. Wengine walishikwa, wengine walibakwa, wengine walipigwa risasi na upande wowote uliowaona kwanza. Biashara hiyo iliwezekana kwa sababu askari wa pande zote mbili waliihitaji. Askari aliyelinda kivuko alichukua chake na kufumba macho. Januari 1968 Nigeria ilibadilisha noti zake, Biafra ikatoa zake, na mwanamke wa afia attack alilazimika kujua thamani ya fedha za nchi mbili zinazopigana kuliko karani yeyote wa benki. Flora Nwapa na Buchi Emecheta waliandika riwaya za vita hivi kutoka upande huu, mwaka 1975 na 1982, na mtu anayetaka kujua vita vilivyokuwa kwa mpishi wa chungu aanze na wao kabla ya makamanda.

Ndani ya Biafra palikuwa na raia waliokuwa na hofu ya tatu, zaidi ya ndege na njaa. Mashariki haikuwa ya Waigbo peke yao. Waibibio, Waefik, Waijaw, Waogoni na Waikwerre walikuwa mamilioni, na wengi hawakuulizwa kama wanataka nchi mpya. Kila mji ulipoanguka ulitafutwa msaliti, sabo kama walivyosema, na mtu wa kabila dogo ndiye aliyetazamwa kwanza. Mwandishi Elechi Amadi, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Nigeria kabla ya vita, aliwekwa kizuizini na Biafra, akayaandika hayo mwaka 1973. Vijiji vya delta vilihamishwa kwa nguvu jeshi la Biafra liliporudi nyuma, na watu wake wakafia katika kambi mbali na mito yao. Na bado Philip Effiong, aliyekuwa wa pili kwa Ojukwu kijeshi, alikuwa Mwibibio, na Okokon Ndem, sauti iliyojulikana kuliko zote ya Redio Biafra, hakuwa Mwigbo. Utii haukufuata kabila kwa usahihi ambao watu wa baadaye wameutaka.

Lagos yenyewe iliona vita kwa mbali. Kulikuwa na milipuko michache mwaka 1967, kisha maisha yakaendelea. Gowon alifunga ndoa kanisani Aprili 1969, kwa sherehe kubwa, wiki ileile ambayo Umuahia, mji mkuu wa wakati huo wa Biafra, ilitekwa. Hali hii ya raia wa nchi moja kutoona vita vya nchi hiyo ni sehemu ya uzoefu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ni sehemu inayosahaulika. Baadaye, wakati wa kujenga upya, waliotunga sera ni watu ambao chungu chao hakikuwahi kukauka.

Hapa Afrika Mashariki tulihusika. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968, ikafuatiwa na Gabon, Ivory Coast na Zambia, na Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi nasi. Mwezi uliofuata wajumbe wa pande mbili walikutana Kampala bila mafanikio. Uamuzi wa Mwalimu Nyerere unashangaza mpaka leo, kwa kuwa yeye ndiye aliyewasilisha Cairo mwaka 1964 azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la kuheshimu mipaka ya kikoloni, na yeye ndiye aliyekuwa amezaa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Hoja yake ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya usalama wa watu, na watu waliochinjwa na kufukuzwa na wenzao hawawezi kulazimishwa kwa mabomu kuamini kwamba wangali ndugu. Wenzake walimjibu kwa kuitaja Katanga, jimbo lililojaribu kujitenga na Kongo. Hoja ilibaki palepale.

Naiheshimu hoja hiyo; ni hoja ya raia, na katika bara ambalo viongozi walihofia mipaka kuliko makaburi ilihitaji ujasiri. Lakini haiwezekani kuisifu bila kutazama kilichofuata. Kutambuliwa kuliwapa viongozi wa Biafra sababu ya kutumaini, na tumaini hilo liliwapeleka karibu miezi 21 zaidi, miezi ambayo ndiyo iliyokuwa na vifo vingi vya njaa. Port Harcourt ilianguka wiki tano baada ya tamko la Dar es Salaam. Mwenye kutambua taifa kwa ajili ya usalama wa raia wake anabeba pia swali la nini kitawafikia raia hao taifa likikosa bandari. Azimio la Ahiara la Ojukwu la Juni 1969, ambalo wasomaji wengi wameona ndani yake kivuli cha Azimio la Arusha, lilikiri kwamba ndani ya Biafra yenyewe kulikuwa na maofisa na wakubwa walioishi kwa anasa huku watu wakifa. Kukiri huko kulichelewa.

Mwisho ulikuja haraka. Owerri ilitekwa, Ojukwu akapanda ndege kwenda Ivory Coast usiku wa Januari 10 kuamkia 11, 1970, Effiong akatangaza kusalimu amri redioni Januari 12, na Januari 15 akatia sahihi Lagos. Dunia ilitarajia mauaji ya kisasi. Hayakutokea kwa kiwango kilichohofiwa, na Gowon anastahili sifa kwa hilo. Hakunyonga maofisa wa Biafra na alisema hapakuwa na mshindi wala mshindwa. Baadhi ya askari walirejeshwa jeshini, na waliobaki walifukuzwa lakini wakiwa hai. Ojukwu mwenyewe alisamehewa na kurudi mwaka 1982.

Kwa askari, basi, makubaliano yalikuwepo. Kwa raia kilichokuwepo ni paundi 20. Mtu aliyekuwa na akiba benki na akaitumia akaunti yake ndani ya Biafra alipewa paundi 20, iwe alikuwa na 50 au 5,000. Noti za Biafra zikawa karatasi. Nyumba za Waigbo Port Harcourt zilitangazwa mali iliyotelekezwa, na wengi hawakurudishiwa. Mwaka 1972 serikali iliamuru hisa za makampuni ya kigeni ziuzwe kwa Wanigeria, wakati ambapo mfanyabiashara wa Mashariki hakuwa na cha kununulia. Sidhani kama kila mtu aliyetia mkono katika sera hizo alikusudia kuwaadhibu Waigbo. Lakini ukizipanga kwa mfululizo, zinafanya kazi ileile ya kizuizi: zinagusa chungu na kuiacha bunduki. Kwamba masoko ya Onitsha na Aba yalisimama tena ni kazi ya familia, na hasa ya ule utaratibu wa kijana kumtumikia tajiri kwa miaka kadhaa kisha kufunguliwa duka lake.

Kwa Nigeria nzima bunduki hazikurudi ghalani zote. Wizi wa kutumia silaha ulienea kiasi kwamba amri ya kuwahukumu kifo majambazi ilitolewa mwaka 1970, na watu walipigwa risasi hadharani ufukweni Lagos mwaka uliofuata. Na kwa miongo kadhaa askari wa Biafra waliolemaa waliishi Oji River, wakikaa kandoni mwa barabara ya Enugu kwenda Onitsha katika viti vya magurudumu, wakiomba. Hao nao walikuwa askari, lakini vita vya bunduki vilipokwisha walihamishiwa katika vile vingine.

Makumbusho ya vita yaliyofunguliwa Umuahia mwaka 1985 yanaonyesha ndege, mizinga, ogbunigwe na handaki la Redio Biafra. Ni mkusanyiko wa thamani. Sufuria za kambi na daftari za parokia hazijapata jengo kama hilo. Kwa muda mrefu somo la historia liliondolewa hata katika mitaala ya shule za msingi, na kizazi kilichozaliwa baada ya 1970 kilirithi hadithi nyumbani, kwa minong'ono. Chimamanda Ngozi Adichie, aliyezaliwa 1977 na ambaye babu zake wawili walikufa katika vita vile, aliigeuza minong'ono hiyo kuwa riwaya mwaka 2006. Vijana wengine wameirithi kama hasira, na harakati za kudai Biafra upya zilizoshika kasi tangu miaka ya 2010 zinajazwa na watu ambao hawakuona siku hata moja ya vita. Serikali inazijibu kama suala la bunduki, kwa majeshi na mahakama.

Asaba imefanya jambo jingine. Wenyeji na watafiti wamekusanya majina ya waliouawa, nyumba kwa nyumba, ushuhuda kwa ushuhuda, na Tume ya Oputa ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, iliyoanza 1999, ikasikiliza baadhi ya walionusurika. Gowon naye aliomba radhi kwa mji huo. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu mji ni mmoja na siku zake ni chache. Kwa kambi za Owerri, Orlu, Umuahia na Ikot Ekpene haijafanywa. Inahitaji wasaili wanaozungumza Kiigbo na Kiibibio, inahitaji mashirika ya kidini ya Ulaya na Marekani kufungua mafaili ya safari za São Tomé na orodha za wagonjwa wa hospitali za misheni, na inahitaji serikali ya Abuja itoe kibali na fedha wakati waliokuwa watoto wa miaka kumi Port Harcourt ilipotekwa bado wapo na wanakumbuka.